Presha ya 112/76 Iliyotaka Kutupotezea Mgonjwa: Uchambuzi wa Kisa cha Kuvuja Damu Tumboni Baada ya Kutolewa Kizazi

Kisa hiki kilitokea katika wodi ya upasuaji ya wanawake ya hospitali moja nchini Tanzania, wakati nikiwa muuguzi msimamizi wa wodi hiyo. Jina la mgonjwa, makazi yake, tarehe na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yeye au wahudumu yameondolewa, na machache yamebadilishwa. Mfuatano wa vipimo umehifadhiwa, kwa kuwa humo ndimo lilimo somo lenyewe. Ninakiandika kwa ajili ya wauguzi wenzangu, hasa wale wanaopokea wagonjwa kutoka chumba cha upasuaji na kubaki nao saa zile ambazo daktari ameshaondoka na ndugu bado hawajaruhusiwa kuingia.

Usuli

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 49, mwenye watoto watatu na uzito wa kilo 74, ambaye kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akitokwa na damu nyingi ya hedhi kutokana na uvimbe kwenye kizazi. Alipofika kliniki mara ya kwanza wingi wa damu yake ulikuwa gramu 7.1 kwa desilita, na daktari alikataa kumpangia upasuaji katika hali hiyo. Alimpa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kupunguza hedhi, akamtaka arudi baada ya wiki nane. Aliporudi damu ilikuwa imepanda hadi gramu 10.4, akapangiwa upasuaji wa kutoa kizazi kwa njia ya tumbo.

Alikuwa pia na shinikizo la damu lililogunduliwa miaka sita kabla, akitumia atenolol miligramu 50 kila asubuhi, dawa ya presha ambayo pia hupunguza mapigo ya moyo, pamoja na bendrofluazidi, dawa ya presha inayoongeza mkojo. Hakuwa na kisukari wala mzio wa dawa unaojulikana. Aliwahi kufanyiwa upasuaji mara moja, wa kujifungua mtoto wa mwisho, na kovu la upasuaji huo lingekuja kuwa na nafasi yake katika kisa hiki.

Tathmini ya jioni kabla ya upasuaji

Alilazwa siku moja kabla, zamu ya jioni. Muuguzi aliyempokea, ambaye nitamwita muuguzi wa kwanza, alikaa naye karibu dakika 40. Kwa wodi yenye wagonjwa 34 na wauguzi wawili, muda huo ni mwingi, na nakumbuka kwamba jioni ile mimi mwenyewe nilipita nikamwambia afanye haraka kwa sababu wengine walikuwa wakisubiri. Ninalitaja hilo mapema kwa sababu mimi ndiye niliyekosea.

Alipomuuliza mama anatumia dawa gani, mama alijibu kwa ufupi kwamba ni za presha tu. Muuguzi hakuishia hapo. Alimwomba amwonyeshe, na mama akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akazimwaga juu ya shuka: karatasi ya atenolol iliyobaki vidonge vinne, bendrofluazidi, vidonge vya diklofenaki alivyonunua duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya mgongo, na unga wa mlonge aliopewa na jirani ili uongeze damu. Diklofenaki hupunguza uwezo wa chembe sahani kushikana na kuziba mshipa uliokatwa, kwa hiyo muuguzi aliuliza ilimezwa lini mara ya mwisho, akajibiwa juzi yake, akaandika na kumjulisha daktari. Daktari alipima jambo hilo na kuamua upasuaji uendelee, mradi chupa mbili za damu ziwe zimeshalinganishwa na damu ya mgonjwa na kutengwa kwa jina lake.

Presha ilipimwa mara tatu. Mama alipowasili, akiwa ametoka kupanda ngazi, ilikuwa 178/100. Baada ya kupumzika ikawa 166/96. Wakati wa kulala ilikuwa 164/94 na mapigo ya moyo 58 kwa dakika. Vyote vilikuwa chini ya 180/110, kiwango ambacho timu nyingi za upasuaji hukiona kuwa kinaruhusu kuendelea na upasuaji wa kupangwa. Chini ya vipimo hivyo muuguzi wa kwanza aliandika sentensi moja ambayo fomu yetu haikuwa na nafasi yake, akaibana pembeni kwa herufi ndogo: “Kawaida yake akiwa ametulia ni 164/94, mapigo 58, yuko kwenye atenolol.”

Kulikuwa na jambo jingine lililoibuka katika dakika zile 40. Fomu ya ridhaa ilikuwa imeshasainiwa kliniki, lakini muuguzi alimwomba mama aeleze kwa maneno yake mwenyewe atafanyiwa nini kesho. Mama alisema, “Wananitoa uvimbe, mwanangu, kizazi changu kinabaki.” Hakuwa anajua. Daktari aliitwa, akakaa kitandani pake, akamweleza upya kwa nini kizazi kizima kingetolewa, na mama aliomba muda wa kuongea na mumewe kwa simu kabla ya kukubali. Saini iliyokuwa kwenye fomu tangu wiki iliyotangulia ilikuwa halali kwa karatasi, lakini haikuwa ridhaa.

Maelekezo ya kufunga yalitolewa kwa saa na si kwa neno la jumla la “usile kitu”: chakula chepesi cha mwisho saa 6 kabla ya upasuaji, maji meupe hadi saa 2 kabla. Aliambiwa ameze atenolol asubuhi kwa funda moja la maji na kuiacha bendrofluazidi, kama mtaalamu wa usingizi alivyoagiza. Alifundishwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa akiwa amekumbatia mto tumboni, akajaribu mara mbili mbele ya muuguzi.

Siku ya upasuaji

Alipigwa ganzi ya mgongo saa 4:15 asubuhi. Upasuaji ulikuwa mgumu kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu kovu la zamani lilikuwa limeshikamanisha kizazi na kibofu, na damu iliyopotea ilikadiriwa kuwa mililita 600. Kabla ya kufunga tumbo daktari aliweka mpira wa kutolea damu, uliounganishwa na mfuko pembeni mwa kitanda.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilisomwa. Orodha hiyo ina historia inayotugusa sisi: hospitali nane zilizoijaribu, na ambazo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009, zilijumuisha hospitali ya Ifakara, Morogoro, na katika hospitali hizo kwa pamoja vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sehemu yake ya tatu, inayosomwa kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji, inawataka daktari, mtaalamu wa usingizi na muuguzi waseme ni mambo gani ya kuangaliwa zaidi katika uuguzi wa mgonjwa huyu. Kwenye karatasi ya mama huyu palijazwa “hakuna”. Hapakuwa na aliyedanganya. Ilikuwa saa 6:20 mchana, mgonjwa mwingine alikuwa mlangoni, na swali liliulizwa kwa sauti ya mtu anayetegemea jibu hilo.

Katika chumba cha uangalizi presha ilikuwa 126/78, kisha 128/78, na mapigo 62. Aliruhusiwa kwenda wodini saa 7:30 mchana.

Wodini

Muuguzi wa pili alimpokea saa 7:40 mchana. Presha 128/78, mapigo 62, pumzi 16, oksijeni asilimia 97. Alikagua mshono, ambao ulikuwa mkavu, akaona mfuko wa damu una mililita chache tu, akaona mkojo upo kwenye mfuko wake, akaumwaga na kuandika “mkojo unatoka”. Saa 8:10 presha ilikuwa 124/76 na mapigo 66. Saa 8:40 ikawa 120/76 na mapigo 70, na pembeni pakaandikwa “hali nzuri”. Katikati ya vipimo hivyo zamu ilibadilishana, na maneno ya makabidhiano yalikuwa kwamba mama wa kitanda cha tisa ametoka salama na presha yake imeshuka vizuri.

Nilisimama hapo kwenye makabidhiano. Niliyasikia maneno hayo na nikaona ni habari njema.

Saa 9:40 alasiri presha ilikuwa 116/74, mapigo 78, pumzi 20. Muuguzi wa tatu, aliyeingia zamu ya jioni, aliusoma mfuko wa mkojo kwenye alama zake badala ya kuutazama tu, akaona mililita 25 kwa saa nzima. Kwa mtu wa kilo 74 tunatarajia angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani 37. Alikagua kama mpira wa mkojo umekunjwa chini ya mgonjwa, akakuta haujakunjwa. Aliandika kipimo hicho na kuahidi kurudi baada ya nusu saa badala ya saa moja.

Alirudi kabla ya nusu saa kwa sababu aliitwa. Mama alitaka dirisha lifunguliwe, na dirisha lilikuwa wazi tayari. Alikuwa akigeuza kichwa upande huu na huu, akisema ana kiu na ameshindwa kupata mahali pa kulala vizuri. Muuguzi alimshika mkono, akauona umekuwa wa baridi na unyevu kidogo. Akaubonyeza ukucha wa kidole gumba hadi ukawa mweupe, akauachia na kuhesabu: rangi ilirudi baada ya sekunde nne, wakati kwa kawaida huwa mbili au chini yake. Presha ilikuwa 112/76, mapigo 86, pumzi 22, oksijeni asilimia 96. Ilikuwa saa 10:10 jioni.

Aliniita, na tulisimama pale na jalada. Kwenye karatasi ya vipimo vya baada ya upasuaji, iliyoanza upya siku ile, hapakuwa na namba hata moja ambayo ingemshtua mtu. Aliyefanya jambo la maana ni yeye. Alirudi nyuma kurasa kadhaa hadi kwenye fomu ya jioni iliyopita, akaweka kidole kwenye ile sentensi iliyobanwa pembeni, akanitazama bila kusema neno.

Simu mbili

Simu ya kwanza aliipiga saa 10:15. Alimwambia daktari wa zamu kwamba mgonjwa aliyetolewa kizazi hatulii, presha ni 112/76, mapigo 86 na mkojo ni kidogo. Daktari aliuliza mfuko wa damu una nini, akaambiwa ni mtupu. Aliuliza wingi wa damu, na kipimo kilichochukuliwa muda huohuo kilionyesha gramu 9.4. Alisema presha hiyo ni nzuri kwa mgonjwa wa presha, kwamba huenda ganzi ya mgongo bado inafanya kazi, aongezewe mililita 500 za dripu na aendelee kuangaliwa. Kwa aliyoambiwa, jibu lake lilikuwa na mantiki.

Dripu iliingia haraka. Saa 10:30 presha ilipanda hadi 118/76 na kwa dakika chache tulidhani tumekosea. Saa 10:45 ilikuwa 104/74 na mapigo 92. Mama alisema sasa bega la kulia linamuuma, na ndugu aliyekuwa ameruhusiwa kuingia alieleza kwamba bila shaka ni kwa kulala vibaya kwenye meza ya upasuaji. Muuguzi wa tatu hakuyakubali maelezo hayo. Damu inapokusanyika tumboni na kugusa kiwambo kilicho chini ya mapafu, maumivu husikika begani, kwa kuwa sehemu hizo mbili zina asili moja ya mishipa ya fahamu. Kisha akafanya jaribio ambalo halikumgharimu chochote. “Mama, inua goti la kulia. Sasa la kushoto. Nikigusa hapa kwa pamba yenye spiriti, unasikia baridi?” Mama aliinua magoti yote mawili, na alisikia baridi mapajani, tumboni na kifuani. Ganzi ilikuwa imekwisha, saa sita na nusu baada ya kupigwa. Kama ndiyo iliyokuwa imeshusha presha, presha ingekuwa inapanda sasa, si kushuka.

Simu ya pili niliipiga mimi, nikisoma kutoka kwenye karatasi aliyoniandalia. “Daktari, ninaomba uje sasa. Jana usiku mama huyu alikuwa 164/94 na mapigo 58, akiwa kwenye atenolol ambayo amemeza pia leo asubuhi. Sasa yuko 104/74 na mapigo 92 baada ya nusu lita ya maji. Mkojo ni mililita 10 katika nusu saa iliyopita. Mikono ni baridi, bega linauma, ganzi imekwisha, na mfuko wa damu ni mtupu kabisa, jambo ambalo si la kawaida kwa tumbo lililokuwa limeshikamana. Tunadhani anavuja damu ndani.” Alifika baada ya dakika kumi na tatu.

Wakati tukimsubiri, mgonjwa aliwekewa oksijeni na kanula ya pili nene kwenye mkono mwingine. Alifunikwa blanketi, kwa kuwa mwili uliopoa hugandisha damu kwa shida. Chupa mbili zilizotengwa zilitumiwa mtu wa kuzifuata, na sampuli nyingine ikaenda maabara kuomba mbili zaidi. Mama aliomba maji mara nyingi. Hatukumpa, kwa sababu tulijua huenda anarudi kwenye usingizi. Muuguzi wa tatu alilowesha kipande cha shashi akampaka midomo, akamweleza kila mara kwa nini haiwezekani zaidi ya hapo.

Kurudi chumba cha upasuaji na matokeo

Kipimo cha mawimbi ya sauti kilichofanyika kitandani kilionyesha majimaji mengi chini ya ini na kwenye nyonga. Mama alielezwa, mwanawe mkubwa akiwepo, naye alikubali. Alimshika muuguzi mkono na kuuliza, “Nitarudi, mwanangu?” Muuguzi hakumwahidi asichokuwa na uwezo nacho. Alimwambia kwamba wameiona shida mapema, kwamba damu yake iko tayari, na kwamba atakwenda naye hadi mlangoni, na ndivyo alivyofanya.

Aliingia chumba cha upasuaji saa 11:35 jioni, presha 88/60 na mapigo 104. Alipewa asidi ya traneksamiki gramu 1 na kufanyiwa upasuaji kwa nusu kaputi. Tumboni mlikutwa mililita 1,700 za damu na mabonge. Uzi uliofunga mishipa ya upande wa kushoto ulikuwa umeteleza, na tundu za mpira wa kutolea damu zilikuwa zimezibwa na bonge. Alipewa chupa nne kwa jumla. Alilala usiku mmoja katika chumba cha wagonjwa mahututi, akarudi wodini mchana uliofuata, akakaa kitandani jioni hiyo na kutembea hadi dirishani siku ya pili. Figo zilifanya kazi vizuri. Mshono ulipata wekundu siku ya sita, ukatulia kwa kusafishwa. Aliruhusiwa siku ya tisa akiwa na wingi wa damu wa gramu 8.7 na vidonge vya chuma.

Uchambuzi

Utafiti uliofanyika katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 11,000 wa upasuaji, ulikuta kwamba asilimia 2.1 walifariki, takriban mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye magonjwa machache zaidi. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea baada ya upasuaji na si mezani. Ninaposoma namba hizo ninaiona wodi kama yetu, saa 9 alasiri, na karatasi iliyoandikwa “hali nzuri”.

Swali la kwanza ni kwa nini sisi tuliofundishwa dalili za kuvuja damu hatukuziona kwa saa mbili na nusu. Jibu langu ni kwamba tulikuwa tukimlinganisha mama na binadamu wa kitabuni, ambaye presha yake ni 120/80, na kwa kipimo hicho alikuwa akizidi kupona kila nusu saa. Ukimlinganisha na yeye mwenyewe picha inapinduka. Kutoka 164 hadi 112 ni kushuka kwa karibu theluthi moja. Mapigo kutoka 58 hadi 86 yalikuwa yamepanda kwa karibu nusu, na yalipanda dhidi ya dawa ambayo kazi yake ni kuyazuia yasipande. Mtu asiyetumia atenolol huenda angefika 120 au zaidi, na kila aliyepo angegutuka. Njia moja rahisi ya kuziunganisha namba hizo mbili ni kugawanya mapigo kwa presha ya juu, yaani namba ya kwanza katika kipimo cha presha. Kabla ya upasuaji hesabu hiyo ilitoa 0.35, saa 10:10 jioni ilitoa 0.77, na saa 10:45 ilitoa 0.88. Vitabu huweka tahadhari kubwa kuanzia 0.9. Ukikisubiri kiwango hicho kwa mgonjwa aliyeanzia 0.35, umechelewa.

Kuna kitu kingine ambacho kilikuwa mbele ya macho yetu na ambacho sikukiona hadi nilipokaa na jalada siku iliyofuata. Tofauti kati ya presha ya juu na ya chini ilikuwa 70 kabla ya upasuaji. Wodini ilipungua hatua kwa hatua: 50, 48, 44, 42, 36. Presha ya chini haikushuka sana kwa sababu mishipa ilikuwa ikijibana kulinda moyo na ubongo, na mikono ya baridi ni matokeo ya kujibana huko. Sisi wauguzi huwa tunaisoma namba ya juu na kuiandika ya chini kwa mazoea.

Wapo watakaosema kwamba mfumo wa alama za tahadhari ungetusaidia, na mimi ni mtetezi wa mifumo hiyo. Hata hivyo, katika mfumo wa NEWS uliotolewa na Royal College of Physicians ya Uingereza mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017, presha ya juu yoyote kati ya 111 na 219 hupewa alama sifuri. Kwa vipimo vya saa 9:40 mama huyu angepata sifuri. Saa 10:10 angepata alama 2 tu, zote kwa ajili ya pumzi, na hilo liko katika kundi la hatari ndogo. Mfumo huo wenyewe unasema kwamba wasiwasi wa mhudumu ni sababu tosha ya kuita msaada, na hapa wasiwasi ulikuwa na ushahidi: kutotulia, kiu, mkono wa baridi, mkojo.

Chumba cha uangalizi kilikuwa na nafasi ya mapema zaidi ya kulikamata jambo hili. Alama za Aldrete, ambazo vyumba vingi hutumia tangu mwaka 1970 kuamua kama mgonjwa aruhusiwe, hutoa alama kamili za mzunguko wa damu pale presha inapokuwa ndani ya asilimia 20 ya ile ya kabla ya usingizi. Asilimia 20 chini ya 164 ni 131. Mama aliruhusiwa akiwa na 128. Iliyotumika kama ya kulinganishia ilikuwa presha iliyopimwa baada ya ganzi kuingia, yaani presha iliyokwisha kushushwa. Simlaumu aliyejaza, kwa kuwa fomu ya jioni iliyopita ilikuwa nyuma ya kurasa nyingi na hapakuwa na utaratibu wa kuileta mbele.

Vitu viwili vilitupa faraja ya uongo, na ninavitenga kwa sababu nimeviona tena tangu hapo. Mfuko mtupu wa damu unaweza kumaanisha kwamba hakuna damu, au kwamba mpira umeziba. Kwa tumbo lililotenganishwa kwa shida, lililopoteza mililita 600 mezani, ukimya wa mfuko ulipaswa kuulizwa. Cha pili ni wingi wa damu wa gramu 9.4. Mtu anapovuja haraka anapoteza chembe na maji kwa pamoja, kwa hiyo kiasi kilichomo katika kila desilita hubaki karibu vilevile hadi mwili au dripu zizimue damu iliyobaki. Saa mbili za mwanzo kipimo hicho hakiwezi kumkanusha mgonjwa anayekwambia kwamba hapumui vizuri.

Tofauti ya simu mbili inastahili kutazamwa kwa makini. Zilipigwa kwa daktari yuleyule, katika nusu saa moja, kuhusu mgonjwa yuleyule. Ya kwanza ilitoa namba na kumwachia msikilizaji atafute maana yake akiwa mbali na kitanda. Ya pili ilianza na ombi, ikataja alikotoka mgonjwa na alipo sasa, ikaondoa maelezo mbadala kabla hayajatolewa, ikamaliza na kile tulichokidhani. Wauguzi wengi tumelelewa kuamini kwamba kutaja tunachokidhani ni kuingilia kazi ya daktari. Daktari wetu, tulipokaa kukijadili kisa hiki wote pamoja, alisema kwamba neno “tunadhani anavuja” ndilo lililomfanya aache alichokuwa akikifanya.

Kwa upande wa yaliyokwenda vizuri, karibu yote yanarudi kwenye dakika zile 40. Chupa mbili zilikuwa tayari kwa sababu mtu aliuliza kuhusu dawa za mgongo. Atenolol ilijulikana kwa sababu fundo la khanga lilifunguliwa. Hata ridhaa ya pili, iliyopatikana kwa dakika tatu katika hali ya dharura, ilikuwa rahisi kwa sababu mama alikuwa ameshazoea kuambiwa ukweli na kuulizwa. Muuguzi wa kwanza hakuwepo kazini siku ya upasuaji. Aliokoa maisha akiwa nyumbani kwake amepumzika, kwa sentensi aliyoiandika mahali pasipokuwa na nafasi yake, na mimi nilikuwa nimemharakisha.

Kilichobadilika wodini

Karatasi ya vipimo vya baada ya upasuaji sasa ina mstari juu kabisa wenye maneno “Kawaida yake”, na haianzi kutumika kabla mstari huo haujajazwa kwa kalamu nyekundu kutoka kwenye fomu ya kabla ya upasuaji, pamoja na dawa zinazozuia mapigo kama zipo. Pembeni yake panaandikwa namba moja: presha ya juu ambayo chini yake muuguzi anaita daktari kwa mgonjwa huyu. Maneno “mkojo unatoka” hayakubaliwi tena bila mililita na saa. Makabidhiano ya wagonjwa wa siku ya kwanza hufanyika kitandani, mkono wa mgonjwa ukiwa mkononi mwa anayepokea.

Idadi ya wauguzi haijabadilika. Bado tuko wawili kwa wagonjwa 34, na zipo jioni ambazo tathmini hufanyika kwa dakika kumi na tano kwa sababu haiwezekani zaidi. Ninachojitahidi kufanya ni kuhakikisha kwamba katika hizo kumi na tano, dawa zinatolewa na kuonekana kwa macho, na presha inapimwa mara ya pili mgonjwa akiwa ametulia.

Mama alirudi kliniki wiki ya sita akiwa amenenepa kidogo, akiongozana na mumewe. Atenolol ilikuwa imebadilishwa na daktari wa kliniki ya presha. Muuguzi wa tatu ndiye aliyemwandikia upya kadi ya kuruhusiwa, kwa herufi kubwa, ili hospitali yoyote atakayofika siku za mbele iikute: alivuja damu ndani baada ya kutolewa kizazi akiwa na presha ya 112/76, na kawaida yake ni 164/94. Kisha akamsomea maneno hayo mara mbili, akamwomba ayarudie mwenyewe, na mama akayarudia bila kukosea, akaikunja kadi na kuifunga kwenye pindo la khanga.